Kitanda Hakilali Peke Yake

Kituo kile cha kufunzia marubani wa vita sijawahi kukitia machoni, lakini nakijua kuliko wengi waliowahi kukipita. Najua mlango wa bweni la mwisho ulitazama wapi. Najua vumbi lake lilikuwa jeupe, likiingia hata ndani ya birika la chai, na najua ni mkufunzi yupi aliyekuwa akianza kutukana kabla hajanawa uso. Kilikuwa huko Kenya, katika bonde lile kubwa, karibu na ziwa la magadi lenye heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baba yangu alikuwa boi wa bweni. Wapo walioandika habari za vituo kama hicho, wakaeleza ndege na vyeo. Sina ugomvi nao. Ila walioandika hawakutandika vitanda. Aliyetandika ni mtu wa Ujiji, na mimi nililelewa kwa sheria za bweni lake, kwa hiyo nina haki ya kusema, na nitasema.

Baba alikwenda huko akiwa kijana ambaye ndevu bado zinasitasita kutoka. Ukoo wetu ni wa wale Wamanyema ambao mababu zao walivuka ziwa na misafara wakaweka makazi Ujiji, na kwetu mtu asiyesafiri huonekana kama ana ugonjwa anaouficha. Alipanda treni Kigoma, akashukia Mwanza, akavuka Ziwa Viktoria kwa meli mpaka Kisumu, akapanda treni nyingine. Alidhani anakwenda kupewa bunduki. Mzungu aliyewapanga foleni alimtazama vidole, akamuuliza kama anajua kupiga pasi. Baba akajibu anajua sana. Pasi alikuwa ameiona dukani kwa Mhindi, basi. Shati la kwanza aliliunguza akalificha, la pili likatoka limenyooka, na ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kusema hawezi jambo kabla hajaliunguza kwanza.

Wanafunzi walikuwa vijana wa rika lake. Waingereza, Makaburu, wengine wametoka Australia, wamebabuka pua kwa jua. Kuruka na ndege ndogo walikuwa wameshajifunza kwingine. Hapo waliletwa kuzoea ndege zenyewe za vita, za injini mbili, kabla ya kupelekwa Misri kupigana. Tatizo la kituo kile ni kwamba kilikuwa juu sana. Hewa ya kule ni nyepesi, injini zinahema, na baba alisema ndege zilikimbia uwanjani kwa uzito wa bata aliyeshiba, mpaka ukadhani safari hii hainyanyuki. Ikishanyanyuka, mbele kuna ukuta wa bonde. Mchana mawingu yanashuka na ukuta hauonekani. Na heroe nao wakishtuka wanaruka wote kwa pamoja, wanajaza njia.

Adui hakuwahi kufika pale hata siku moja. Waliokufa waliuawa na kujifunza. Baba alilirudia jambo hilo kila aliposikia mtu akisifia vita, na alilisema kwa hasira, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akibaki na vitu vyao.

Sheria ilikuwa hivi. Ndege isiporudi, na habari zikathibitika kwamba haitarudi, sajini aliingia bwenini na baba kabla ya chakula cha jioni. Walifungua sanduku la yule kijana wakatenga vitu. Vya serikali vilirudi stoo. Vya kwake vilifungwa kupelekwa kwa mama yake, huko kwao. Lakini kwanza vilichambuliwa. Chupa ya pombe iliondolewa, karata ziliondolewa, picha ya msichana ambaye si yule mchumba iliondolewa, na chochote kile ambacho mama akikiona kitamuumiza mara ya pili. Nguo chafu baba alizifua, akazipiga pasi, akazikunja, maana nguo zenye jasho la mtu aliyekufa haziendi kwa mama yake. Halafu shuka zilibadilishwa, kitanda kikatandikwa kwa kukaza pembe mpaka kinang'aa, na mwanafunzi aliyefuata kushuka kwenye lori ndiye aliyelala hapo. Hakuambiwa kilikuwa cha nani. Wenzake nao walinyamaza. Baba aliiweka sheria nzima kwa maneno yake mwenyewe: kitanda hakilali peke yake.

Vita ikaisha, akarudi Ujiji na pasi ya mkaa na sheria hiyo. Akaoa mwanamke wa Kiha kutoka Kalinzi, juu kule kwenye kahawa, na yule mwanamke, ambaye ni mama yangu, akajikuta ameolewa bwenini. Mtoto akienda shule ya bweni, kitanda chake kinapata binamu. Binamu akiolewa, anakuja mpwa. Mimi nilipoachika, na tuseme ukweli niliondoka mwenyewe kabla sijaachwa, nilirudi kwa baba na godoro langu kichwani nikakuta chumba changu kina msichana wa shangazi amelala anakoroma. Nikataka kumtoa. Baba akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo. Sogeeni mbanane." Tukabanana. Nilinuna wiki nzima, halafu nikaanza biashara ya dagaa kule ufukweni Katonga, nikawa sina nafasi ya kununa.

Basi sasa nifike kwenye miaka ya wakimbizi, maana ndiko sheria hiyo ilikopata mtihani wake.

Warundi walianza kuja, wakafuata Wanyarwanda, na kwetu Kigoma vita vya majirani tunavijua kwa masikio kabla ya redio. Ndege za misaada zilikuwa zikipita juu ya Ujiji zikiinama kwenda uwanjani, na baba, mzee wa kanzu na miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akitoka barazani kuzitazama kama yeye ndiye aliyezituma. Alimjua rubani kwa mlio. "Huyu kafundishwa," alikuwa akisema. Au: "Huyu angekuwa kwetu asingelala na cheo." Majirani walimzoea. Watoto wa mtaa walimuuliza ndege ile imebeba nini, naye akajibu, "Imebeba maharage, lakini mnaitazamia nini? Tazameni mkia." Nilimpenda kwa hilo. Katika mji mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa akizikosoa.

Mdogo wangu wa kiume, wa mwisho kwetu, alikuwa na biashara ya kuvuka ziwa. Alipeleka chumvi ya Uvinza ng'ambo Kongo, akarudi na vitenge. Alikuwa mtanashati, mcheshi, mkaidi. Mama hakuipenda kazi hiyo hata chembe. Mtu wa mlimani haliamini ziwa. Alikuwa akisema mlimani ukiteleza kuna mti wa kushika, ziwani utashika nini. Alikwenda mwenyewe kwa mafundi wa magari akanunua mpira wa ndani wa tairi la lori, akampa mwanawe, akamwapisha kwamba kila akivuka atakuwa nao umejazwa upepo, pembeni yake. Mdogo wangu aliona haya. Wenzake walimcheka, wakamwita mtoto wa puncha. Lakini aliapa, na mama akaridhika. Baba naye aliunga mkono. Kule kituoni, alisema, waliopita juu ya maji walivaa vifaa vya kuelea, na hakuna aliyewacheka.

Vita vya Kongo vikalipuka yeye akiwa njiani kwenda. Ng'ambo ikawaka. Mitumbwi na maboti yakaanza kutua ufukweni yamejaa watu mpaka maji yanalamba ukingo, watu wa Uvira, wa Fizi, wa Baraka, wamebeba masufuria, mbuzi, watoto. Pale Katonga tulipokuwa tukianika dagaa pakawa hapana pa kuanika. Kila boti lililotua mimi nilikuwa wa kwanza kulifikia, nauliza: mmemwona kijana wa Ujiji mwenye boti la chumvi? Sina aibu ya kuuliza. Nilimuuliza kila aliyekuwa na mdomo.

Wengine walisema walimwona mjini Baraka, mzima. Mvuvi mmoja wa Bangwe, mtu ninayemwamini, alisema siku ya upepo mkubwa aliona boti zito kwa mbali, akainama kuvuta nyavu zake, alipoinua kichwa halipo. Nikamuuliza kama aliona vitu vikielea. Akanitazama kwa huruma. "Dada, boti la sabuni likizama linaacha makasha. La magodoro linaacha magodoro. Chumvi inaacha nini?" Nilirudi nyumbani nikawaambia wazazi kile cha Baraka, hiki cha Bangwe nikamwambia baba pembeni. Alisema, "Haijathibitika." Lile neno lilikuwa la kituoni na nilijua analitumia kujishikiza.

Mama akafunga chumba cha mwanawe kwa kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Na kila jioni, tukishakaa kula, kabla hajagusa chakula, alisema kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya mambo ya nyumbani: "Ana mpira wake." Baba akaitikia, "Anao." Ndipo tukala. Wiki zikapita hivyo. Mwezi ukapita, na mwingine. Mama alikonda mpaka bangili zikawa zinamtoka zenyewe.

Baba alikuwa akishuka ufukweni kila asubuhi kuuliza kwa njia yake, yaani kusimama kimya mpaka watu waulize wao anataka nini. Siku moja alikwenda kuuliza habari za mwanawe akarudi na mwanamke. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Fizi, ana watoto wawili, mdogo anachemka kwa homa. Wenzao walikuwa wamepandishwa malori kwenda kambini, yeye akaruhusiwa abaki mjini mpaka mtoto apone, lakini pa kubaki hakuambiwa. Alisimama uani kwetu akiwa ameshika sufuria tupu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama yangu. "Miye sina mutu hapa. Huyu muzee ndiye alinileta."

Mama alimpa kiti, akampa uji wa mtoto, akampa maji ya kuoga. Roho mbaya hakuwa nayo. Baba alipoomba ufunguo wa chumba ndipo mambo yalipobadilika.

"Watalala ukumbini," mama alisema.

"Ukumbini kuna upepo, na mtoto ana homa. Kile chumba kina kitanda."

"Kina mwenyewe."

"Asiyekuwepo na lake halipo."

"Usiniletee," mama alisema, na sauti yake ikawa ya Kalinzi kabisa. "Usiniletee mambo ya wazungu wako kwa mwana wanje, mwanangu mimi. Wale hukuwazaa. Huyu nimemzaa."

Hapo na mimi nikaingia. Nilimwambia baba, mbele ya mgeni, kwamba amekuwa boi maisha yake yote na bado hajastaafu. Nilimwambia kumlaza mtu kitandani kwa mdogo wangu ni kumzika bila maiti wala matanga. Baba alichukua fimbo yake akaenda barazani, na wale wageni wakalala ukumbini juu ya mkeka, mtoto akikohoa usiku kucha tukimsikia wote.

Kesho yake nilimfuata. Si kwa kuomba radhi. Nilikwenda kumalizia nilichokuwa sijakisema. Alikuwa anang'arisha viatu ambavyo tayari vinang'aa.

"Kaa," alisema. "Kuna siku tuliacha kitanda wazi. Hii sijawahi kuwasimulia."

Nikakaa.

Kulikuwa na kijana mmoja, aliniambia, aliyekuwa akipendwa na bweni zima. Mpiga kinanda cha mdomo, hana makuu, boi na sajini aliwasalimu kwa namna moja. Ndege yake ikapotea mawinguni na haikuonekana hata kipande. Sajini akashindwa kufungua sanduku. Wenzake wakamwomba kitanda kiachwe. Baba naye aliomba, maana alikuwa rafiki yake. Wakakubaliwa. Basi kila asubuhi baba alikitandika upya na kuweka kikombe cha chai pembeni, na kila jioni akakiondoa kimepoa.

"Ilikuwa heshima," nilisema.

"Tuliita heshima. Lakini wale watoto wakawa wanakitazama. Wakila wanakitazama. Wakivaa viatu wanakitazama. Asubuhi wanapanda ndege macho yao bado yako bwenini. Mmoja akatua kabla ya uwanja. Mwingine akageuka pasipotakiwa kugeuka, na huyo alikuwa bora kuliko wote." Akaweka kiatu chini. "Mkubwa wa kituo akaja mwenyewe, akaniamuru nitoe shuka. Akasema kitanda kitupu kinawafundisha kufa. Nilimchukia. Halafu aliyekuja akalala hapo, wakaanza tena kugombania sabuni."

Nikakiokota kile kiatu nikampa.

"Mwangalie mama yako," baba alisema. "Anakitazama kitanda hata kikiwa kimefungiwa. Mwanangu akirudi nitalala mimi chini, yeye alale changu. Lakini mama yako sitamwacha akitazame."

Mtu akiniambia jambo la kweli mimi sihitaji kubembelezwa. Hapo hapo nilihama upande. Tukasubiri nafasi, na nafasi ikaja: dada yake mama alifiwa na mkwe huko Kalinzi, mama akapanda gari la asubuhi kwenda msibani, atarudi jioni. Alisita mlangoni, akakagua pindo la kanga kama ufunguo umo, akaondoka. Gari lilipokwisha kukata kona nilichukua kipande cha nondo nikavunja kufuli. Baba aliniambia nisipige kelele. Nikamwambia kufuli halivunjwi kwa kunong'ona.

Chumba kilinuka marashi yake ya bei rahisi. Shati la buluu lilikuwa limetundikwa msumarini, halijafuliwa. Baba alisimama kidogo katikati, halafu uzee ukamtoka. Nilimwona kijana wa bweni. Alivua kanzu akabaki na fulana, akaondoa shuka kwa mvuto mmoja, akakung'uta mto, akatenga nguo mafungu mafungu, za kufua na za kukunja, mikono yake ikienda yenyewe. Sijawahi kumwona akifanya kazi vizuri namna ile, na nilijivunia kuwa mtoto wake. Kisha akapiga goti kuvuta viatu vilivyokuwa chini ya kitanda, na akabaki hapo hapo.

"Nini?" nilimuuliza.

Akavuta. Ulikuwa mpira wa lori. Umetolewa upepo wote, umekunjwa kwa uangalifu, umefungwa kwa kamba ya mgomba, umesukumwa mpaka ukutani.

Mimi niliuona uso wa mdogo wangu, ule uso wake wa mtu anayesema ndiyo mama, ndiyo mama, huku ameshakata shauri. Niliumia, na ndani ya kuumia nilikuwa na hasira naye, ningemchapa makofi. Baba alikaa kitandani pasipo na shuka, mpira mapajani. 

"Mama yako asiuone," alisema hatimaye. "Sikia. Vitu vya namna hii haviendi kwa mama. Utoe nje ya nyumba. Peleka Katonga, wape wakate kamba za mizigo, wafanye watakalo. Na jioni akisema ana mpira wake, wewe unyamaze. Mimi nitaitikia."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea," alisema, na ulikuwa uongo ambao hata mtoto mwenye homa asingeuamini. Kisha akaokota shati la buluu akaenda uani kulifua.

Nikautia mpira ndani ya kapu langu la dagaa, nikatupia kanga juu, nikatoka. Sikufika mbali. Pale mtaa wetu unapokutana na barabara kubwa, mama alikuwa anateremka garini. Msiba ulikuwa na watu wengi, alisema baadaye, na moyo haukumtulia akaaga mapema. Nilimwamkia nikataka kumpita. Yeye akatazama kapu. Kile kichuma cha kujazia upepo kilikuwa kimechungulia pembeni mwa kanga.

Nikafungua mdomo, uongo ukiwa tayari. Mimi ni mfanyabiashara, uongo mdogo siukosi.

"Umeutoa chini ya kitanda?" mama aliniuliza.

Nikainua mkono nikakifunika kile kichuma.

"Niliuona siku ile ile aliyoondoka. Niliinama kufagia nikauona." Alisema polepole, macho yake yako kwenye kapu, wala si kwangu. "Nilitaka nikautupe. Nikiugusa nguvu zinaniisha, ewe mwana. Ndiyo nikafunga mlango. Baba yako amefunga masanduku ya watoto wa watu wengi. Hili la wa kwake, akijua alikwenda bila mpira, halimwachi hai. Nikisema ana mpira, ni yeye ninayemwambia."

Nilikuwa nimesimama barabarani na kapu kichwani, baiskeli zinanipita huku na huku. Nilimtazama mama nikaona jinsi alivyokonda, na nikajua hakukonda kwa kutumaini. Miezi yote ile alikuwa akijua, peke yake, na kila jioni akimlisha baba lile neno kabla ya chakula.

"Ameuona?" aliniuliza.

Nilifikiri kwa haraka kuliko nilivyowahi kufikiri sokoni. "Hajauona," nilisema. "Nilivunja kufuli mimi. Nimeutoa kabla hajaingia."

Mama akashusha pumzi. Alinishika shavu, kitu ambacho kwao Kalinzi hawakifanyi hovyo. "Vizuri," alisema. "Sasa mgeni alale."

Nilikwenda Katonga, fundi wa baiskeli akaukata kamba mbele ya macho yangu, nikahakikisha mpaka kipande cha mwisho. Niliporudi mtoto mgonjwa alikuwa amelala katika kitanda cha mdogo wangu, chini ya shuka iliyokazwa pembe. Mama alikuwa amekaa ukingoni akimpepea. Shati la buluu lilikuwa kambani, linadondosha maji. Baba alitoka jikoni na mkaa wa pasi kwenye koleo, akapita bila kututazama.

Mdogo wangu hakurudi. Nalisema wazi kwa sababu mtu ameshasoma mpaka hapa na ana haki ya kujua. Hakuna aliyelithibitisha, wala boti halikuonekana, lakini hakurudi. Yule mama wa Fizi alikaa kwetu mpaka mtoto akapona, na akaendelea kukaa mpaka walipokuja kumchukua kwenda kambini, na baada yake kitanda kile kimelaliwa na wengi. Wazazi wangu walizeeka pamoja na wakafa kila mmoja kwa wakati wake, na katika miaka yote hiyo sikumwambia baba alichojua mama wala mama alichojua baba.

Jioni ile ya kwanza ya chumba kufunguliwa tulikula wote ukumbini, ugali na migebuka ya kukaanga. Yule mgeni alikula kidogo, halafu akaweka mkono chini.

"Mwenye chumba akirudi," aliuliza, "siye tutaenda wapi?"

Kituoni mgeni hakuambiwa kitanda ni cha nani. Baba aliweka tonge chini ili amjibu. Mama alimtangulia.

"Akirudi mtabanana," alimwambia. Kisha akamgeukia baba, akamsogezea kipande kikubwa cha samaki. "Na ziwa halimtishi. Ana mpira wake."

"Anao," baba alisema. "Siku ile nilimwona mwenyewe akiubeba begani."

Mama akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitaka. Wote wawili wakanitazama mimi. Nilikata tonge kubwa nikalitia mdomoni, maana mtu mwenye chakula mdomoni haulizwi kitu.